Kuotesha upya masalia ya mboga jikoni: kipi kinafaa, kipi hakifai, na tahadhari ya mbu

MWANZISHA UZI (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Picha za glasi zilizopangwa dirishani, kila moja ikiwa na kitako cha mboga kinachochipua, zimeenea sana siku hizi, na nyingi huambatana na ahadi kwamba mtu anaweza kuacha kwenda sokoni. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu kazi hii naipenda na ningetamani kila aliye kwenye nyumba ya kupanga au ghorofani, asiye na hata hatua moja ya ardhi, aifanye akiwa anaelewa anachokitarajia. Msimamo wangu ni huu: meza ya jikoni ni kitalu, si shamba. Itakupa majani ya kuungia mchuzi, na itakupa vipando vya kuhamishia kwenye udongo. Anayeitegemea imrudishie karoti nzima au kabichi nzima atakata tamaa na kuacha, ilhali angeanza na mimea inayofaa angeendelea miaka.

Jambo la kwanza la kuangalia ni nini kimebaki kwenye lile salio. Mmea hauoti kutoka popote. Unahitaji tumba, yaani ile sehemu changa ya shina ambayo majani mapya hutokea. Kitako cha kitunguu ni shina fupi sana lililobanwa, mizizi ikiwa chini yake na tumba likiwa katikati, na majani ya kitunguu hukua kwa kusukumwa kutoka chini, si kwa kurefuka nchani. Ndiyo maana ukikata juu, kesho yake unaona ncha mpya imejitokeza katikati ya ile uliyoikata. Tangawizi na kiazi mviringo navyo ni mashina, ingawa vinakaa ardhini, na yale macho yake ndiyo matumba. Karoti, kwa upande mwingine, ni mzizi mkuu. Kichwa chake kina kipande kidogo cha shina, kwa hiyo majani yatatoka tena na yatapendeza, lakini mzizi ulioliwa haujengwi upya hata ukimwagiliwa mwaka mzima. Vivyo hivyo kwa kiazisukari, ila majani yake ni mboga nzuri na hayo yanatosha kuwa sababu ya kukiotesha. Kitako cha kabichi hutoa vijani vidogo pembeni, na chainizi hutoa vikubwa kidogo. Sioni haja ya kukaa sana kwenye hivyo.

Jambo la pili ni chakula cha mmea. Maji ya bomba karibu hayana lishe yoyote, kwa hiyo majani yanayotoka kwenye glasi yanajengwa kwa akiba iliyokuwa tayari ndani ya kitako. Mkato wa kwanza huwa mnene na wenye harufu kali. Wa pili ni mwembamba. Wa tatu umepauka na hauna ladha. Akiba imekwisha. Mmea haujafa, lakini sasa unahitaji udongo wenye mboji au samadi iliyooza vizuri.

Kwa anayeanza, ningeshauri vitunguu majani. Vinunue vikiwa na mizizi yake, kama vinavyouzwa kwa kawaida kwenye mafungu sokoni, tumia majani, kisha bakiza sehemu nyeupe ya urefu wa sentimita tatu hadi tano. Visimamishe kwenye glasi nyembamba ili visilale, na maji yafunike mizizi pamoja na sehemu ndogo tu ya kitako, kwa maana kitako kilichozama chote huoza na kutoa harufu mbaya kabla hakijachipua. Glasi iwe karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, lakini isipigwe na jua la mchana, kwani kwa joto la hapa kwetu maji ya kwenye glasi hupata moto haraka na mwani wa kijani huanza kuota. Mahali penye giza nako hapafai: majani yatarefuka kwa kuutafuta mwanga, yatakuwa ya njano na yataanguka. Baada ya wiki moja hadi mbili unakata. Ukishakata mara ya pili, vihamishie kwenye kopo la maziwa au ndoo iliyotobolewa chini, na hapo vitaendelea kukupa majani kwa muda mrefu.

Mmea wa pili ninaouthamini kuliko yote ni mchaichai. Chagua mashina ambayo kitako chake hakijakatwa hadi juu, punguza majani, simamisha mashina kwenye maji ya kina cha vidole viwili, na katika muda wa wiki mbili au tatu mizizi myeupe itaanza kuonekana. Hapa hupati majani ya muda tu, bali mmea mzima ambao ukiwekwa kwenye ndoo kubwa utakuwa kichaka na kudumu miaka. Nanaa na mrehani nazo ni hivyo hivyo. Kata tawi chini kidogo ya fundo, yaani pale jani linapotokea kwenye shina, ondoa majani ya chini ili yasizame, na mizizi itatoka kwenye lile fundo. Kotimiri haifuati njia hii kwa urahisi. Ni bora kuchukua punje za giligilani, ambao ni mmea huo huo, zinazouzwa kama kiungo na ambazo hazijakaangwa, kuzipasua taratibu kwa kuzisugua kwa kiganja, kwa sababu kila punje ina mbegu mbili, na kuzipanda moja kwa moja kwenye udongo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo picha hizo hazilitaji kabisa, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Glasi ya maji iliyoachwa dirishani ni mazalia ya mbu. Tena si mbu yeyote, bali mbu aina ya Aedes anayeeneza homa ya dengue, ambaye hapendi madimbwi machafu. Anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vidogo, yakiwemo ya makopo, matairi na vyombo vya maua ndani ya nyumba. Jiji letu lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na wengi humu tunakumbuka homa ile na maumivu ya viungo vyake. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo hunata pale na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi, kisha kuanguliwa maji yakirudi. Katika joto la pwani, safari ya yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja au zaidi kidogo.

Kwa hiyo kumwaga maji na kujaza mengine hakutoshi. Badilisha maji kila siku, au kwa uchache kila baada ya siku mbili, suuza mizizi, na usugue ndani ya glasi kwa brashi au kitambaa kigumu kila unapobadilisha. Ukisafiri, usiache glasi hata moja yenye maji. Hamishia mimea kwenye udongo wenye unyevu na uwaachie majirani. Asiyeweza kufuata utaratibu huu asitumie maji kabisa. Vitako vingi, pamoja na vitunguu majani na mchaichai, huota vizuri vikichomekwa moja kwa moja kwenye kopo la udongo wenye unyevu, na mbu hana pa kutagia.

MCHANGIAJI (Mwanza)

Ahsante kwa maelezo, mkuu. Naomba nihoji jambo moja kwa nia njema. Fungu la vitunguu majani ni fedha ndogo sana, na kila siku mama wa genge yupo mlangoni. Je, kazi ya kubadilisha maji na kusugua glasi kila siku haizidi thamani ya majani yenyewe? Aidha, ningependa kujua kuhusu usafi, kwa maana maji yanayokaa jikoni karibu na nyama na samaki yananitia shaka.

MWANZISHA UZI

Swali lako ni la haki. Kwa hesabu ya fedha peke yake, glasi ya vitunguu majani haibadilishi bajeti ya nyumba, na sitaki kumdanganya mtu. Faida yake naiona kwingine. Kwanza, mapishi mengi huhitaji majani mawili matatu tu, na fungu zima hunyauka kwenye jokofu kabla halijaisha. Ukiwa na mmea unakata unachohitaji. Pili, kile kipando cha mchaichai au cha matembele (majani ya kiazi kitamu) kinachotoka mezani kinakuwa mmea wa kudumu, na hapo thamani inaongezeka kila mwezi. Tatu, watoto wanaokulia ghorofani wanaona mzizi na chipukizi kwa macho yao, jambo ambalo kwa watoto wa kijijini lilikuwa la kawaida.

Kuhusu usafi, shaka yako ina msingi. Glasi zikae mbali na mahali pa kukatia nyama, kuku na samaki, na zisiwe chini ya rafu ambayo maji ya nyama yanaweza kudondoka. Kitako kikiwa na utelezi au harufu, kitupwe kwenye mboji bila kujadiliana nacho. Majani yaliyokua kwenye maji ni bora yapikwe. Anayetaka kuyatia kwenye kachumbari ayaoshe vizuri kwa maji salama ya kunywa.

MCHANGIAJI (Arusha)

Hongera kwa uzi wenye manufaa. Je, kitunguu maji cha kawaida na kitunguu saumu vinafuata njia ile ile? Nimeona watu wanaweka kitako cha kitunguu maji kwenye glasi na kudai kwamba kitazaa kitunguu kingine.

MWANZISHA UZI

Kitunguu maji ni mmea ambao kwa asili huishi misimu miwili. Msimu wa kwanza hujenga kitunguu kama ghala lake, na msimu wa pili hutumia ghala hilo kutoa ua na mbegu. Unapokiotesha kitako cha kitunguu kilichokomaa, unakiingiza kwenye hatua ya pili, wala hukirudishi kwenye ile ya kwanza. Kitakupa majani, pengine kitajigawa katika machipukizi mawili au matatu, na mahali penye ubaridi kinaweza kutoa ua. Wazalishaji wa mbegu hufanya hivyo kwa makusudi: hupanda vitunguu vilivyokomaa ili wavune mbegu. Anayetaka kuvuna vitunguu vikubwa, kama vile wanavyolima wenzetu wa Mang'ola kandokando ya Ziwa Eyasi, hana budi kuanza na mbegu na miche. Lakini majani ya kitunguu maji yana ladha nzuri kwenye mayai na kwenye mchuzi wa dagaa, kwa hiyo usikitupe kitako. Kichomeke kwenye kopo la udongo.

Kitunguu saumu nacho kinategemea hali ya hewa. Punje yoyote nzima itachipua, na majani yake machanga yana harufu ya saumu iliyo laini zaidi, ninayoipenda kwenye wali. Ili mmea ujigawe na kufanya kichwa chenye punje nyingi, unahitaji kipindi cha baridi. Ndiyo sababu saumu yetu inatoka nyanda za juu kama Mbulu. Ukipanda punje Dar es Salaam, utapata majani, na mara nyingi chini utakuta kitunguu kidogo cha mviringo kisichogawanyika. Wewe uliye Arusha una nafasi nzuri kuliko sisi wa pwani.

MCHANGIAJI (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo katika sehemu za Molo, nami ningependa kuongezea onyo kwa upande wa viazi, kwa maana naona watu wengi wanachukua kiazi kilichochipua jikoni na kwenda kukipanda shambani kwa wazazi wao.

Kiazi cha sokoni kinaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko wa bakteria bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje, hasa kikiwa kimetoka sehemu zenye baridi. Ukikipanda, bakteria hao wanaingia kwenye udongo, wanasambaa kwa maji ya mvua na kwa majembe, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayowaondoa. Wanashambulia pia nyanya, biringanya na pilipili, kwa hivyo mtu anaweza kuharibu shamba lake la nyanya kwa sababu ya kiazi kimoja. Nimeona majirani wakiacha kulima viazi kwenye vipande vizuri vya ardhi kwa ajili ya jambo hili. Ninawaomba: kiazi cha jikoni, ukitaka kukipanda, kipande kwenye gunia au ndoo huko huko mjini, na udongo wake usiupeleke shambani. Kwa shamba, nunua mbegu iliyothibitishwa.

MWANZISHA UZI

Nakushukuru sana, ndugu yangu wa Nakuru. Mchango huu ningetamani kila mtu ausome. Naongeza mawili ya upande wa mlaji. Kiazi kilichogeuka kijani kwa kukaa kwenye mwanga kimejijengea sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, kwa hiyo kisiliwe. Na majani ya kiazi mviringo si mboga, wala ya nyanya. Naeleza hili kwa kuwa tumezoea kula matembele, na mgeni wa mambo haya anaweza kudhani majani ya viazi vyote ni sawa. Kiazi kitamu ni cha jamii nyingine kabisa, na majani yake ni chakula.

MCHANGIAJI (Hamburg, Ujerumani)

Nimefurahi umetaja matembele, kwa maana ndiyo mboga ninayoikosa kuliko zote huku. Viazi vitamu vinapatikana madukani mwaka mzima, lakini majani yake siyaoni. Nimejaribu kukiweka kiazi kwenye maji wakati wa baridi na kimekaa kimya. Je, nifanyeje?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu uliye Hamburg, kiazi kitamu ni mmea wa nchi za joto, na kukaa kimya kwake wakati wa baridi si ajabu: urefu wa mchana wa Desemba huko hauzidi masaa manane, na kioo cha dirisha ni baridi. Anza mwishoni mwa majira ya baridi, mwezi Februari au Machi, na ukiweke kiazi mahali penye joto zaidi ya nyuzi 20, kwa mfano kwenye rafu iliyo karibu na chombo cha kupashia nyumba joto. Kwa hatua hii mwanga si muhimu sana; joto ndilo linaloamsha macho. Badala ya maji, nakushauri ukilaze kiazi kwenye trei yenye udongo au mchanga wenye unyevu, nusu yake ikiwa imefukiwa, kwa sababu kwenye maji huoza mara kwa mara. Chagua kisichokuwa na nta wala majeraha, na ukipata cha mkulima asiyetumia dawa za kuzuia kuchipua ni bora zaidi.

Machipukizi yakifika urefu wa kiganja na nusu, yang'oe taratibu kutoka kwenye kiazi. Mengi yatakuwa tayari na mizizi. Yasiyo nayo yaweke kwenye maji siku chache na mizizi itatoka kwenye mafundo. Yapande kwenye ndoo kubwa, na baridi ikishakwisha yatoe nje kwenye baraza. Kiazi kimoja hutoa machipukizi kadhaa, na kila moja ukilikata ncha linatoa matawi mengine, kwa hiyo kufikia kiangazi utakuwa unachuma matembele kila wiki. Kabla baridi haijarudi, kata vipande vichache vya marando, yaani mashina yake yanayotambaa, na uviweke ndani dirishani, ili mwaka unaofuata usilazimike kuanza na kiazi.

Kwa sisi tulio huku nyumbani kazi ni rahisi zaidi. Gunia moja lililojazwa udongo na mboji, likitobolewa pembeni na kuchomekwa marando, kama wanavyofanya wenzetu wa Kibera jijini Nairobi kwa sukuma wiki, linatosha kuipatia familia ndogo matembele ya mara kwa mara. Kwa maoni yangu, kati ya masalia yote ya jikoni, kiazi kitamu kilichosahaulika kabatini hadi kikachipua ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote.

MCHANGIAJI (Unguja)

Assalaam alaykum. Nina vipande vya tangawizi na manjano mabichi vilivyoanza kutoa vichipukizi. Naomba utaratibu wa kuvipanda kwenye vyungu, na nijue vitachukua muda gani. Sina uwanja, nina baraza tu inayopata jua la asubuhi.

MWANZISHA UZI

Waalaykum salaam. Baraza ya jua la asubuhi ni mahali pazuri mno kwa vyote viwili, kwa maana havipendi jua kali la kutwa.

Usiviweke kwenye glasi ya maji, vitaoza. Kata kila kipande kiwe na macho mawili au matatu, kisha kiache mahali pakavu penye kivuli kwa siku mbili tatu hadi kidonda kikauke. Chagua chungu kipana kuliko kirefu, kwa kuwa tangawizi hutanda pembeni, na kiwe na matundu ya kutosha chini. Changanya udongo na mboji nyingi, na mchanga kidogo ili maji yapite. Laza kipande macho yakiangalia juu, kifunike kwa udongo wa unene wa vidole viwili au vitatu, na umwagilie kidogo tu mpaka chipukizi litokeze, kwa sababu katika wiki hizo za mwanzo maji mengi ndiyo yanayoua vipande vingi. Majani yakishasimama, ongeza maji, na kila baada ya wiki kadhaa ongeza mboji juu. Funika udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Wakulima wa tangawizi wa Same, kule milimani, hulima penye mvua na ubaridi kiasi. Wewe wa pwani utalazimika kumwagilia zaidi wakati wa kaskazi.

Tangawizi huchukua miezi minane hadi kumi kukomaa, na manjano karibu na hapo, wakati majani yanapoanza kuwa ya njano na kulala. Lakini huna haja ya kusubiri muda wote huo. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita unaweza kufukua pembeni mwa chungu kwa vidole, ukavunja kipande kichanga cha kutosha chai ya siku hiyo, ukarudisha udongo, na mmea ukaendelea. Ukivuna kwa ujumla, weka kando vipande vyenye macho manene kwa ajili ya kupanda tena, na usitumie udongo ule ule mara ya pili kwa tangawizi, kwani nayo hushikwa na mnyauko wa bakteria. Udongo huo upandie mchicha au giligilani.